Pipa la Kufulia la Mama Epiphanie

"Mama Epiphanie, hii maji yako ya sabuni imeingia tena mu shimo yangu ya ndizi. Unataka watu ya Bihambwe wakunywe pombe ya kasiksi yenye povu?"

"Maji haina macho, Mama Nyiramana. Inateremuka tu. Nani alikutuma uchimbe shimo chini ya lupango, kiwanja yangu?"

"Shimo ilikuwa hapa mbele wewe uolewe. Mashini yako ndiyo mugeni."

Wanawake waliokuwa wakienda chemchemi walitua mitungi yao, kwa maana ugomvi wa majirani haupitwi hivi hivi, hasa asubuhi, kabla jua halijakausha umande na maneno. Kila mmoja alitaka kuona kwa macho yake kile kitu kilichomgharimu Epiphanie ng'ombe wake wa pekee.

Kilikuwa pipa la mbao lenye miguu mitatu, limefungwa pete mbili za chuma. Juu yake kulikuwa na mpini wa kusukuma mbele na nyuma, na magogo mawili ya mpira ya kukamulia nguo. Zamani lilifua shuka za mzungu mmoja mwenye shamba. Mzungu alipoondoka na uhuru kuingia, lilikaa ghalani miaka mitatu, kuku wakitagia ndani, hadi mpishi wake alipoliuza. Siku hiyo ya kwanza ya kulijaza maji, lilivuja pande zote kama mtu aliyechomwa kwa mishale.

Nyiramana, ambaye kazi yake ilikuwa kupika pombe ya ndizi, alilitazama kwa kitambo, na sauti yake ikapoa. "Basi nisikilize, dada. Hii kitu iko mbao. Mimi ninakamulia ndizi mu mutumbwi wa mbao miaka makumi mbili. Ninajua namna..."

"Wewe unajua pombe," Epiphanie alimkata. "Hii iko mashini, na mashini iko na wenyewe. Kaka yangu Viateur iko fundi mekanisie kule Walikale. Anafufua kamyo zenye zilikufa mu matope ya poto-poto. Hii itamushinda?"

Wanawake walicheka chini kwa chini. Nyiramana alichukua ndoo, akaanza kuteka maji ya sabuni kutoka shimoni mwake.

Epiphanie hakuwa na kiburi cha bure. Alikuwa na hofu, na hofu huvaa nguo za kiburi. Tangu mumewe afariki, alikula kwa kufua shuka za nyumba ya wazazi, walikojifungulia wanawake, kwenye misheni. Maji ya baridi ya mlimani na sabuni kali vilikuwa vimempasua vidole, hata damu yake ikawa inachafua shuka zile zile alizozisafisha. Masera Joséphine-Marie, mtawa aliyeisimamia nyumba hiyo, alimwita, akamwonyesha doa. "Mama, mutoto hawezi kuzaliwa juu ya damu ya mufuaji. Ninakupatia majuma ine. Ukipata njia, kazi itabakia yako."

Njia ilikuwa hilo pipa. Hakuwa na nyingine.

Siku ile ile ya ugomvi alimwandikia Viateur: mashini yangu inavuja, njoo upesi. Barua ilipanda kamyo, lori lililobeba maharagwe, nayo majibu yalirudi siku ya tisa kwenye karatasi ya daftari: "Dada, mashini ikivuja, iko kutu. Adui ya mashini ni maji. Mwanga maji yote, uipanguse, uiweke karibu ya moto ikauke kabisa. Usiiguse mupaka nifike na lami."

Epiphanie alitii neno kwa neno. Alilipangusa pipa kama mtoto aliyetoka kuzaliwa, akalilaza jikoni karibu na mafiga, akachochea moto hata kuni zake za juma zikaisha kwa siku mbili. Nyiramana aliona moshi, akasogea kwenye ua. "Mama, utaiua ile kitu." Epiphanie alimgeuzia mgongo.

Kila honi ya kamyo ilimtoa mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Vilishuka chumvi na mafuta ya mawese, wakashuka kaka za watu wengine. Siku ya kumi na tano ikaletwa kwa miguu barua ya pili, fupi: daraja limebebwa na mto, vumilia. Wakati huo nyufa za pipa zilikuwa zinapitisha kidole. Siku ya ishirini, Jumapili, aliporudi kutoka misa, pete ya chini ilikuwa imejivua yenyewe na kulala sakafuni. Kesho yake ilikuwa siku ya Masera.

Alikaa chini karibu na ile pete. Hakulia. Maji yalikuwa yamezidi unga, na hata machozi yangekuwa maji tu. Jua lilipoanza kuinama aliinuka, akavuka ua na pete mkononi.

Nyiramana hakucheka, ingawa sababu alikuwa nayo. Alikuja, akapitisha kidole katikati ya mbao. "Nani alikuambia uikaushe?"

"Viateur."

"Viateur aliiona?"

Epiphanie alitikisa kichwa. Katika barua alikuwa ameandika "mashini" tu. Na mtu wa makamyo, ukimwambia mashini, anaona chuma.

"Mutumbwi yangu ikikauka inavuja vile vile," Nyiramana alisema, akiigonga pete irudi mahali pake. "Mbao lazima ikunywe. Ikishiba, inafunga milango yenyewe."

Walimimina maji, yakatoka kama kwenye tenga. Wakamimina tena, wakalifunika pipa kwa majani mabichi ya mgomba, wakamimina tena.

"Itashiba lini?" Epiphanie aliuliza.

Nyiramana alihesabu kwa vidole. "Siku ile tuligombana, ingelala tu na maji, ingeamuka muzima. Sasa umeikausha sana. Siku ine."

Jumatatu Epiphanie alifua kwa mikono. Shuka ya tatu ilipata doa. Masera hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimshukuru kwa miaka yote, kisha furushi likachukuliwa na Mukamurenzi, mfuaji wa kilima cha pili.

Alhamisi, pipa halikutoa hata tone. Lilisimama uani limejaa, kimya, maji yake yametulia hadi mawingu yanaonekana ndani. Hapakuwa na shuka ya kutia. Jioni, daraja likiwa limetengenezwa, kamyo la kutoka Walikale lilisimama, na dereva akamkabidhi kopo la lami. "Papa Viateur anakusalimia. Anasema atakuja."

Epiphanie alibaki kando ya barabara, kopo mkononi, akitazama vumbi likishuka. Nyuma yake, Nyiramana alitokea mlangoni kwake akifuta mikono kwa kitenge.

"Dada, acha kuangalia barabara. Bugali iko moto, maharagi imeiva. Ingia tukule."

Epiphanie hakusogea. "Kaka yangu alinipenda, Mama Nyiramana. Hakunidanganya."

"Ninajua. Hata fimbo yake iko nzuri. Lakini nyoka ilikuwa hapa. Ingia, dada: fimbo ya mbali haiui nyoka."