Kwa Nini Mchana Una Saa Kumi na Mbili

Weka mwiko chini kwanza, Mbonea. Pande lote hilo umejipakulia wewe, na wenzako hata sahani hawajashika? Kaeni. Ugali hauna miguu, hautakimbia.

Hapo kale, babu wa babu zenu hawajazaliwa, mchana ulikuwa na saa kumi tu. Watu walikuwa na vidole kumi, wakaukata mchana kwa hesabu hiyo, wakaona wamemaliza. Kule milimani mfereji ulikuwa mmoja na nyumba zilizoutumia zilikuwa tatu: ya mzee Senkondo, mgawaji wa maji, ya jirani yake Kivumbi, na ya Namkunda, mjane mwenye mtoto mchanga. Kila nyumba ilipata saa tatu. Ikabaki moja.

Hiyo moja, wanangu, ilileta balaa! Ilikuja baada ya zamu za wanaume wale wawili. Senkondo alisema ni yake kwa kuwa yeye ndiye mgawaji. Kivumbi alisema ni yake kwa kuwa shamba lake kubwa. Huyu akifungulia maji, yule anaziba. Matusi, majembe juu, mpaka jua linazama. Na zamu ya Namkunda ilikuwa ya mwisho. Maskini, aliambulia matope. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na maua yakaanza kupukutika, naye hakuwa na chakula kingine cha kumlisha mwanawe.

Siku moja uchungu ukamzidi. Akapanda hadi mferejini, mtoto mkononi, akasimama katikati yao.

"Baba Senkondo," alisema, "ninyi mnahesabu kwa mikono miwili kwa sababu mikono yenu mitupu. Wangu mmoja umebeba. Hebu tazama ninavyohesabu mimi."

Akagusa kwa gumba pingili za vidole vyake vinne, tatu kila kidole. Zikafika kumi na mbili.

"Ukateni mchana hivi. Sisi nyumba tatu, kila moja ipate nne. Akija wa nne, tatu tatu. Tukibaki wawili, sita sita. Tukiwa sita, mbili mbili. Hakuna kinachobaki cha kugombaniwa."

Kivumbi akacheka. "Mama, utalivuta jua lirefuke?"

"Jua ni lile lile. Ugali mmoja, matonge madogo kidogo."

Senkondo alikuwa akijaribu kwenye vidole vyake. "Na gumba? Mbona hukulihesabu?"

"Gumba ndilo linalogawa, baba. Likijihesabia na lenyewe moja tu, zinakuwa kumi na tatu. Wagawie wawili, watatu, wanne, hata sita: moja itabaki tena."

Aibu ilimshika mzee, maana alijua ni nani aliyekuwa akijiongeza. Akainama, akaziba mlango wa maji wa shamba lake kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakamfikia Namkunda jua lingali juu, na yule mama akalia pale pale kwenye maharage yake.

Na tangu siku hiyo mchana una saa kumi na mbili, na gumba husimama kando ya wenzake. Ndiyo maana hapa kwetu anayegawa hushika sahani ya mwisho.

Haya, Mbonea, rudisha hilo pande sufuriani. Mwiko huo, chukua. Anza na mdogo.