Bwana wa Nili na Kosa Lisilokuwa Lake

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pwani ya Yemen, zama ambazo nguo ya nili, ile rangi ya buluu, ilikuwa na heshima kuliko baadhi ya mawaziri, aliishi mfanyabiashara aliyeitwa Utba bin Rafii. Alikuwa na kiwanda cha kutia nguo rangi, na ndani yake wachovyaji arubaini. Hakuwa tajiri kuliko wote sokoni. Alikuwa mwenye kuaminiwa kuliko wote, na mambo hayo mawili hayakutani kila soko.

Katika kiwanda chake mlikuwa na desturi ambayo wenzake waliiona ni wazimu. Pipa jipya la nili lilipoanza kutoa nguo, ile ya kwanza haikwenda dukani. Mchovyaji aliyeitia rangi aliivaa kilemba kwa siku tatu, katika joto la mji ule linalomtoa jasho hata aliyelala. Siku ya tatu alisimama mbele ya wenzake akakivua. Kipaji cha uso kikionekana safi, nguo zote za pipa lile ziliuzwa. Kikiwa cha buluu, zilirudi pipani, na wenzake wakamtania mpaka adhuhuri: "Karibu, bwana harusi! Hina umepaka wewe, bibi harusi yuko wapi?" Utba mwenyewe alivaa kilemba cha pipa lake kama wengine, na mara mbili alitaniwa kama wengine.

"Mnunuzi ana kosa gani," alikuwa akisema, "hata awe yeye wa kwanza kuijua aibu yetu?"

Na alikuwa na neno jingine, ambalo wachovyaji walilijua kama wanavyojua majina ya watoto wao: "Kosa aliloleta mtu mwenyewe ni la nyumba. Alilolificha ni lake peke yake."

Basi ukafika mwaka ambao liwali aliagiza vilemba mia mbili vya askari wake kwa ajili ya sala ya Idi. Siku zilikuwa chache. Tena ilikwisha julikana kwamba siku hiyohiyo ya Idi Utba angetangazwa kuwa Amini wa Soko, mkuu wa wafanyabiashara wote, cheo ambacho baba yake na babu yake walikifia njiani. Msimamizi wa kiwanda, jina lake Dhakwani, alimpenda bwana wake na akataka kazi iishe mapema. Akazitazama zile siku tatu, akaona ni nyingi. Akaziruka.

Vilemba vikafungwa marobota, vikapelekwa kwa muhtasib, ndiye mkaguzi wa soko. Karani wa muhtasib akayagonga mhuri wa "Hayana kasoro" pasipo kulegeza hata kamba moja, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula.

Dhakwani alikuwa amejibakizia kilemba kimoja cha agizo lile, akakivaa Ijumaa. Katika rakaa ya kwanza alisujudu, na alipoinuka akaona juu ya mkeka mweupe wa msikiti alama ya buluu. Rakaa ya pili aliisali, Mola amsamehe, moyo wake ukiwa kwenye marobota. Baada ya salamu akakalia ile alama mpaka watu wakatoka. Hakuna aliyeona. Angeweza kunawa uso, akaenda zake, na mhuri wa serikali ungemtetea.

Akaenda kwa Utba akiwa na uso wake vilevile.

Utba akakiona kipaji chake cha buluu. "Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Nimekuja mwenyewe, bwana wangu. Nimeziruka siku tatu. Nifukuze kabla ya Idi, ili watu wajue si wewe."

"Alhamdulillahi kwa hilo la kwanza," akasema Utba. "Hilo la pili nalikataa. Nawa uso, twende."

Wakaenda kwa karani. Utba akaomba marobota yarudishwe, kwa kuwa rangi yake inachuja.

"Haiwezekani ichuje," akasema karani. "Yamepigwa mhuri."

"Uliyafungua?"

"Sheikh Utba, kazi ya mhuri ni kufunga. Kufungua si idara yangu. Na anayelalamika huwa ni mnunuzi. Mnunuzi hapa ni liwali, na liwali hajalalamika."

"Basi nalalamika mimi."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu mwenyewe."

Karani akafungua daftari, akalipekua mbele na nyuma, akakiri kwa huzuni kwamba halina mahali pa mtu anayejishitaki. Mwishowe, kwa kuwa Utba aliketi na kuonyesha kila dalili ya kulala palepale, alichora mstari mpya kwa mkono. "Nahitaji jina la mkosaji. Moja tu, mstari ni mfupi."

Dhakwani alifungua kinywa. Utba akamkanyaga mguu.

"Andika Utba bin Rafii," akasema.

Na Dhakwani akanyamaza. Alinyamaza kwa maumivu ya mguu, kisha kwa hofu, kisha kwa sababu wino ulikuwa umekwisha kauka. Marobota yalirudi. Siku ya Idi askari walisali na vilemba vyao vya zamani, na Uislamu haukupata dhara lolote. Uamini wa Soko alipewa muuza ubani. Njiani kurudi nyumbani Dhakwani alilia, na Utba akamwambia, "Ni la nyumba sasa. Halitoki nje bila idhini ya mwenye nyumba. Pipa la kesho umelikoroga?"

Ikapita miaka tisa. Utba hakulitaja jambo lile, si kwa hasira wala kwa mzaha. Kisha akafariki, Mola amrehemu, na kiwanda kikabaki mikononi mwa Dhakwani. Wazee wa soko, nao wakiwa wamechoka na muuza ubani, walipatana kwamba baada ya mazishi watamtangaza Dhakwani kuwa Amini.

Jeneza likawekwa mbele ya safu. Imamu akageuka, akauliza kama ilivyo ada: "Mnamshuhudiaje ndugu yenu?"

"Alikuwa mtu mwema!" ukajibu msikiti mzima.

Karani wa muhtasib, aliyekuwa mzee sasa lakini bado mkamilifu, akakohoa. "Mwema kweli, na nashuhudia. Ila kwa ajili ya usahihi, daftari lina kosa lake moja, la rangi ya kuchuja."

Watu wakainamisha vichwa. Dhakwani alikuwa safu ya mbele. Kunyamaza kulikuwa kwepesi, tena kungeitwa utii: si bwana wake ndiye aliyemkataza? Lakini mwenye nyumba alikuwa amelala mbele yake, hawezi tena kujisemea, na aibu ile ilikuwa inataka kuzikwa naye. Dhakwani akasimama.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi niliziruka siku tatu. Nilimwambia, naye akaandikisha jina lake, akapoteza Uamini, na mimi nikala mkate wake miaka tisa. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, huyu aliyelala hapa hana kosa la nili. Mtu asimzike nalo."

Karani akanong'ona kwa wasiwasi, "Daftari la mwaka ule limekwisha fungwa. Halisahihishwi."

"Lako limefungwa," akasema imamu. "La huyu ndiyo kwanza linafunguliwa. Pangeni safu."

Wazee hawakumtangaza Dhakwani jioni ile, wala mwaka ule. Walisema jambo linahitaji kutazamwa, na wakaendelea kulitazama mpaka nao walipozikwa. Lakini jeneza lilipoinuliwa, wachovyaji arubaini walisogea, wakamwachia Dhakwani nafasi ya mbele kabisa, begani kwa bwana wake. Akalibeba mpaka kaburini, wala hakukubali kupokewa.

Siku ya tatu alikwenda kumpa pole mjane, Bibi Lubaba, akamweleza yote kwa kichwa kilichoinama.

"Mwanangu, mimi nilijua tangu siku ile," akasema Bibi Lubaba. "Alirudi nyumbani bila cheo, akala chakula cha watu wawili. Nikamwuliza, Utba, umepata nini leo? Akaniambia, nimepata msimamizi."

Ndugu zangu, vyeo vya soko lile vimesahaulika, na huyo muuza ubani jina lake hata msimulizi hakulihifadhi. La Utba bin Rafii tunalitaja, nasi tunajivunia kwamba mtu wa namna ile alifanya biashara miongoni mwa waja. Mola atujaalie tuwe na wakubwa wanaobeba makosa yetu, na atujaalie tusiwaache wazikwe nayo. Amin.