Siwema na Injini Iliyohukumiwa Kufa

Palikuwa na tajiri mmoja pale Muheza, Bwana Shekiondo, mwenye gereji yenye geti refu kuliko la gereza. Sheria yake ilikuwa moja: gari lililoingia kwa kusukumwa halitoki mpaka mwenyewe alipie alichosema tajiri. Si kilichoharibika. Alichosema tajiri! Na boneti alikuwa haifungui. Hulaza sikio juu yake, akafumba macho kama anayeombea mgonjwa, kisha akahukumu: "Injini imekufa."

Taa haziwaki? Injini imekufa. Mlango haufungi? Injini imekufa. Asiye na uwezo wa kulipa alimwuzia gari kwa kilo kama chuma chakavu, na baada ya muda mfupi unaliona barabarani linapeta, dereva ni mpwa wa tajiri. Hebu niambieni, huo si wizi wenye kibao mlangoni?

Asubuhi moja akaingia Siwema, mchuuzi mwenye ulimi wake, watu wakimsukumia kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, kilichojaa machungwa. Na machungwa hayajui kusubiri. Yakishinda juani, mtaji wote umeoza.

Tajiri akalaza sikio. "Injini imekufa."

"Haijafa, baba. Kilichokufa ni pampu ya mafuta. Ukiwasha, injini inazunguka vizuri ila haishiki, na kule kwenye tangi hakuna hata mlio. Pampu mpya ninayo kikapuni. Nipe kivuli tu, nitaifunga mwenyewe."

"Ufundi umesomea wapi wewe?"

"Chini ya gari. Wewe ulisomea juu ya boneti?"

Watu wakacheka. Tajiri akavimba.

"Badilisha hata usukani! Nikisema injini, utalipa injini."

"Hata gari likiwaka?"

"Hata likipaa! Gari linalozunguka bila kushika, injini yake imekufa."

"Gari lolote?"

"Lolote!"

"La mtu yeyote?"

"Yeyote! Haya, acha mdomo, kaniletee kofia yangu garini. Leo namwozesha binti yangu, sina muda wa kubishana na wauza machungwa."

Ati akamtuma! Mteja, mtu mzima, anatumwa kofia! Siwema hakununa. Akaenda, akakawia kidogo mle garini, akarudi na kofia, akamkabidhi kwa mikono miwili. Tajiri akaivaa, akaenda kunywa kahawa.

Siwema akachomoa waya wa betri, akawafukuza wavuta sigara, akajilaza chini. Akateremsha tangi, akatoa pampu iliyokufa, akapachika mpya, akarudisha kila kitu mahali pake. Alipowasha, kirikuu kikaunguruma. Watu wakapiga vigelegele.

Geti halikufunguliwa.

"Hela ya injini kwanza," akasema tajiri, huku akiingia kwenye gari lake jeupe aende kwenye nikaha.

Akawasha. Likazunguka, likazunguka. Halikushika.

Siwema akasogea. Akalaza sikio juu ya boneti. Akafumba macho.

"Pole, baba. Injini imekufa."

"Injini gani? Gari jipya hili!"

"Linazunguka bila kushika. Sheria si yangu. Lakini usihuzunike, nitalinunua kwa kilo. Mizani ya machungwa ninayo."

"Mwanamke, shehe ananisubiri!"

"Basi lipa injini uende."

"Siyo injini! Ni pampu haipati umeme, hata kipofu anajua hilo!"

Mafundi wake wenyewe waliacha kugonga.

"Kumbe," akasema Siwema. "Na mtu aliyekwisha kubadilisha pampu yake kwa mikono yake, anadaiwa injini?"

Tajiri akatazama saa. Akatazama umati. Jasho likamshuka shingoni.

"Hadaiwi! Mfungulieni geti, atoke na machungwa yake!"

Geti likafunguliwa, kirikuu kikatoka. Papo hapo fundi mmoja, kichwa kikiwa chini ya usukani wa lile gari jeupe, akapaza sauti: "Tajiri, fyuzi ya pampu haipo!"

Bwana Shekiondo akakunja kanzu, akatimua mbio hadi barabarani.

"Siwema! Ni wewe uliyeingia garini mwangu! Fyuzi yangu iko wapi?"

Siwema akachungulia dirishani.

"Nilikuletea tangu asubuhi, baba. Imo kwenye mkunjo wa kofia uliyonituma. Ivue. Na usipoiona, laza sikio."