Wimbo wa Daktari wa Meno

Wapendwa, nani hapa haogopi kiti cha daktari wa meno? Mzee wa kanisa, shusha mkono, tunakujua.

Basi palikuwa na daktari wa meno mmoja, mwenye kliniki ndogo karibu na stendi. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliimba tenzi moja mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa wakisubiri kwenye benchi nje walimwitikia. Ah, asubuhi zile! Mtu alisahau hata jino linavyouma.

Daktari akafariki. Binti yake, naye daktari, akairithi kliniki. Alimpenda mno baba yake, hakutaka kitu kibadilike. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akafumba macho, akaimba tenzi ileile. Watu walifuta machozi.

Siku moja akamziba mama yake jino. Haukupita muda taya likavimba, likatunga usaha, homa ikapanda, na mama ana kisukari. Akalazwa. Binti akakaa kando ya kitanda, analia.

"Mama, nimekosea wapi? Vifaa nilivitakasa, glavu zilikuwa mpya."

Mama akauliza kwa shida, "Baba yako alipokuwa akiimba, mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

"Sikumbuki, mama. Nakumbuka sauti tu."

"Alikuwa ameshika mipira ya mashine, ile inayopeleka maji kinywani mwa mgonjwa, anamwaga kwenye sinki maji yaliyolala humo usiku kucha. Tenzi ilikuwa kipimo chake cha muda. Na kila Jumamosi aliipitishia mipira hiyo dawa ya kuua vijidudu."

Binti akarudi kliniki, akaukata mpira mmoja. Maji yake, alipoyakinga kwenye glasi, yalikuwa meupe kabisa, lakini ndani ya mpira kidole kiligusa utelezi, kama wa mtungi usiosuguliwa. Maji hayo ndiyo aliyoyapitisha vinywani mwa watu, baada ya kuimba vizuri.

Mama alipona, ndiyo, ila taya lilibaki limepinda.

Sasa sisi. Tunawakumbuka wazazi waliotuleta humu. Hata mimi natamani leo nisikie sauti zao. Tunaimba tenzi zao, sauti ya tatu, sauti ya nne, machozi yanatutoka. Lakini wao walipoimba, mikono yao ilikuwa inafanya nini? Bibi yako aliimba huku akimpelekea uji jirani aliyemtukana. Babu yako aliimba akiwa njiani kwenda kumwomba mdogo wake msamaha. Sisi tumebaki na sauti. Na wewe ambaye hujamsalimia ndugu yako tangu ule msiba, unadhani ndani yako kumelala nini?

Usinijibu. Leo hatufungi kwa wimbo. Ndugu yako yuko benchi la nyuma. Inuka, umfuate.