Njia ya Zimwi la Mlimani

Sogeeni, niwape kisa nilichopewa. Ndekirwa alilima chini ya mlima wa moto, penye udongo mweusi wenye rutuba. Zimwi la mlima likamtokea, majivu yakidondoka mabegani mwake.

"Lima kote, ila korongo niachie. Ndiyo njia yangu."

Lakini tope la mlimani lilirundikana korongoni, likastawisha kila kitu. Akapanda maharage, mlima ukanguruma. Akapanda migomba, mlima ukanguruma. Akajenga nyumba, mlima ukanyamaza.

"Baba Aikande, tuhame," mkewe alimsihi.

"Niziache ndizi hizi?"

Mkewe akambeba mtoto, akakimbilia kilimani. Mvua ikanyesha juu ya majivu, zimwi likashuka na tope, likamzoa Ndekirwa na nyumba yake.

Kulipokucha, korongo lilikuwa limejaa udongo mpya, mweusi, na majirani walikuwa wamesimama ukingoni na majembe.