Picha ya Mfalme Asiyetazamwa

Paukwa!

Pakawa!

Nani ana masikio?

Sote tunayo!

Basi yategeni, maana leo twaenda mbali, Japani kwenyewe.

Hapo kale palikuwa na mchoraji kijana katika jumba la mfalme, jina lake Tokimaro. Akichora jogoo, mitetea wanakuja! Mkuu wa wachoraji, Korehide, alimwonea wivu mpaka usingizi ukampaa.

Sikilizeni desturi ya huko. Mfalme hukaa nyuma ya pazia la mianzi. Hatazamwi usoni. Ukimtazama, umekwisha!

Korehide akaenda paziani, akainama. "Mtukufu, Tokimaro amejigamba kwamba atakuchora."

"Na anichore," akasema mfalme. "Akishindwa, atoke jumbani, wala asishike brashi tena."

Jamani! Asipotazama, atachora nini? Akitazama, ataponea wapi? Tokimaro alilia, maana brashi ndiyo iliyokuwa maisha yake.

Akamwendea mpishi. "Mama, umewahi kuuona uso wa mfalme?"

"Mwanangu, niuonee wapi? Naona pazia, naona pindo la joho, nainama."

Akamwendea mlinzi. "Kaka, wewe je?"

"Mimi? Naona pazia, naona pindo la joho, nainama."

Akamwendea waziri, mzee wa ndevu nyeupe. Hata yeye, semeni nami: anaona pazia, anaona pindo la joho, anainama!

Tokimaro akafuta machozi. Akacheka. Akasaga wino.

Siku ikafika, baraza likajaa, picha ikafunuliwa. Puu! Watu wote chini, vipaji vya nyuso sakafuni. Korehide naye chini, tena wa kwanza.

Kisha Korehide akachungulia, akaruka juu. "Uongo! Hapa pana pazia na pindo la joho tu! Mfalme yuko wapi?"

Tokimaro akamuuliza taratibu, "Mkuu wangu, kama hayupo, umemwinamia nani?"

Weee! Nyuma ya pazia la kweli mfalme aliangua kicheko mpaka mianzi ikatikisika. "Korehide, mpishe mwenzako hicho kiti!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tokimaro akawa mkuu wa wachoraji mpaka mvi zikamwota, na furaha yake haikuwa na kifani. Picha ile ikatundikwa mlangoni, kila apitaye akainama. Korehide naye, kila asubuhi, chini!

Ngano yangu imefika ukingoni. Uzuri wake gawaneni. Ubaya wake nirudishieni mwenyewe, nitaupaka rangi.