Bwana Meneja na Nguo Zisizopigwa Pasi

Palikuwa na meneja wa shamba la mkonge, mzungu wa nchi za baridi, jina lake Bwana Halvosen, ambaye mamlaka yake yalianzia kwenye geti la shamba na hayakujua pa kuishia. Yeye ndiye aliyeamua nani akate mkonge, nani alale wapi, na kengele ilie saa ngapi. Basi siku moja akatoa amri mpya: kuanzia leo, nguo zake za ndani zisipigwe pasi.

Amri hiyo ilimwangukia Bi Mashavu, dobi wake, mjane mwenye mikono miwili na ulimi wa watu watatu. Bi Mashavu alikuwa akipiga pasi kila kitu: mashati, shuka, taulo, soksi, na hizo zisizotajwa mbele za watu. Pasi ilikuwa ya mkaa, na mkaa ulikuwa wa shamba, na Bwana alikuwa na uchungu na mkaa huo kama vile aliuzaa yeye. Akasema nguo za ndani hazionwi na mtu, sasa zinyooshwe kwa ajili ya nani?

Bi Mashavu akamweleza kwa upole, maana alikuwa na chumba kimoja kule uani kwa Bwana, na hakuwa na kingine duniani. Akamwambia yupo nzi hapa kwetu anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje. Ukiivaa nguo hiyo bila kuipiga pasi, mayai yanaanguliwa, funza anajichimbia ndani ya ngozi, panatoka jipu. Moto wa pasi ndio dawa yake. Hakuna mtoto wa shamba asiyelijua hilo.

Bwana akacheka. Yeye alikuwa na kitabu. Alikuja nacho kutoka kwao, kitabu kinene cha kumfundisha mgeni namna ya kuishi nchi za joto, na alikifuata neno kwa neno. Maji aliyachemsha mara mbili, kisha akayachuja. Kofia ya jua aliivaa hata barazani. Kwinini aliimeza saa kumi na mbili jioni, kengele ikilia. Akapekua kitabu mbele ya Bi Mashavu, ukurasa kwa ukurasa. Nzi huyo hakuwamo. Basi hayupo, akasema, na mkaa wa shamba hauchomwi kwa ajili ya mdudu asiyekuwapo.

Mwenye nguvu mpishe. Bi Mashavu akafua, akaanika, akakunja, akaziweka kabatini vilevile.

Wiki mbili hazikupita, Bwana akaanza kutembea kama mtu aliyebeba yai. Pikipiki yake ikalala bandani. Daktari wa mji alikuwa mwenzake wa kucheza karata, na Bwana aliona haya kwenda kumwonyesha palipomuuma. Badala ya kutafuta dawa, akatafuta wa kumlaumu. Akasema dobi alikasirishwa na ile amri ya mkaa, ndiyo maana amemtilia upupu na madawa ya kienyeji kwenye nguo. Hayo aliyasema nyumbani. Kisha akamshtaki kwa liwali kwa hayohayo, akitaka afukuzwe shambani siku hiyohiyo. Bi Mashavu aliogopa, si uongo. Mjane akishaitwa mchawi, nani tena atampa nguo zake afue?

Liwali Mbarouk alikuwa mtu mwema, ila mwoga. Bati la nyumba yake lilitoka shambani kwa meneja. Akasoma mashtaka haraka haraka mbele ya wote wawili, kisha akamuuliza dobi kama ana la kusema.

"Ninalo moja tu, Bwana Liwali. Mwulize majipu yako wapi."

"Mwilini," akasema meneja.

"Mashallah, mwili wa Bwana ni mkubwa. Mashati yake nayafua mimi. Kifuani yapo?"

"Hapana."

"Shuka zake nazifua mimi. Mgongoni?"

"Hapana."

"Soksi nazo ni kazi yangu. Miguuni?"

"Hapana."

"Basi hiyo dawa yangu ina adabu zake. Maji mamoja, sabuni moja, kamba moja, na bado inachagua pa kushukia. Bwana Liwali, hizo zote nilizotaja nimezipiga pasi. Ziko nyingine Bwana alizikataza."

"Sikukataza kitu," akasema meneja.

Amri ile ilitolewa katika chumba cha kufulia, wakiwa wawili tu, na Bi Mashavu shahidi hana. Meneja akapata nguvu. Akasema majipu yako mkononi, huku juu karibu na bega, pale pale panapofunikwa na shati lililopigwa pasi. Na koti havui mbele ya makarani.

Liwali akamuuliza Bi Mashavu kama anataka Bwana avuliwe koti. Bi Mashavu akasema hapana, mtu mzima havuliwi nguo hadharani. Liwali akashusha pumzi. Akaagiza kahawa, akachovya kalamu, akamsogezea meneja kiti kizuri cha mbao.

"Karibu ukae, Bwana, niandike hukumu."

"Ahsante, nitasimama."

"Kaa tu, Bwana. Kesi imekwisha."

"Nimesema nitasimama."

Bi Mashavu akajifunga kanga yake vizuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Bwana Liwali, andika tu. Yote aliyoyasema nayakubali. Ila akae kwanza. Akikaa kwenye kiti hicho mpaka kahawa imwishie kikombeni, mimi ni mchawi, na nafunga virago leo hii."